Barua ya Wazi kwa Bodi za Vyama vya Msingi vya Ushirika: Nani Aongoze, Nani Asimamie, Nani Apime

Kwa: Wajumbe wa bodi za vyama vya msingi vya ushirika wa mazao (AMCOS), Tanzania Bara

Yah: Mipaka ya kazi kati ya bodi, meneja na watumishi wa chama

Chama cha msingi cha ushirika wa mazao huendeshwa na watu wa ngazi tatu, na juu yao wote wapo wenye mali. Wenye mali ni wanachama wanapoketi katika mkutano mkuu. Mkutano huo huchagua bodi, na bodi ndiyo uongozi. Bodi humwajiri meneja, ambaye katika vyama vingi bado huitwa katibu au katibu meneja. Chini ya meneja wapo watumishi: karani wa mizani, mtunza ghala, mhasibu, mlinzi, pamoja na vibarua wa msimu wanaoshona, kupanga na kupakia magunia. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 imejengwa juu ya mgawanyo huo, na masharti ya chama huurudia kwa maneno yake. Lakini msimu ukishafunguliwa, mgawanyo huvurugika upesi. Mwenyekiti huonekana mizanini akielekeza mzigo wa nani upimwe kwanza. Meneja huingia mikataba ambayo mkutano mkuu haujapata kuisikia. Karani hubebeshwa lawama za wote wawili.

Elimu ya uongozi inayofundishwa vyuoni ilizaliwa mahali pengine. Henri Fayol, aliyechapisha maelezo yake juu ya kazi za usimamizi mwaka 1916, alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya migodi nchini Ufaransa. Kazi tano alizozitaja, yaani kupanga, kuandaa, kuamuru, kuoanisha na kudhibiti, alizitazama akiwa kileleni mwa kampuni ambayo mchimbaji hakuwa na kura ndani yake. Abraham Zaleznik wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipouliza mwaka 1977 kama mameneja na viongozi ni watu wa aina moja, alikuwa akizungumzia kampuni za Marekani. Jibu lake lilikuwa kwamba meneja hupenda utaratibu na utulivu, ilhali kiongozi huvumilia misukosuko inayoletwa na mawazo mapya. Jibu hilo lina ukweli wake, ila linahusu tabia za watu. Katika chama cha msingi tofauti kati ya kiongozi na meneja haitokani na tabia. Inatokana na jambo moja tu: nani amepewa dhamana ipi, na atajibu kwa nani ikipotea.

Ugumu wa ushirika unaanzia kwa mwanachama mwenyewe. Mwanachama ni mwenye mali, kwa kuwa ana hisa na kura moja sawa na mwenzake, kanuni iliyoshikwa na ushirika tangu wale waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844. Papo hapo yeye ndiye mleta mazao, anayesubiri foleni na kulalamikia mzani. Kwa kuwa chama ni cha kijiji, pia ni jirani, shemeji au mjomba wa karani anayempimia. Mwenye hisa wa kampuni ya Dar es Salaam hana haja ya kumjua mpimaji wa ghalani. Mwanachama wa AMCOS amesali naye Ijumaa au Jumapili iliyopita. Ndiyo maana mipaka ya madaraka, ambayo kwenye kampuni hulindwa na umbali wa watu, kwenye chama haina budi kulindwa na maandishi.

Kazi ya uongozi, yaani ya bodi, ni kuamua chama kinakwenda wapi na kwa faida ya nani, kisha kuhakikisha kwamba waliokabidhiwa safari hiyo hawapotei njia. Kwa lugha ya chama hiyo ni kuandaa makisio ya mapato na matumizi na kuyapeleka mkutano mkuu. Kuomba ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaweza kukopa. Kuajiri meneja na kupima kazi yake. Kupokea taarifa ya ukaguzi na kuijibu. Na kukiwakilisha chama mbele ya chama kikuu, halmashauri, benki na Mrajis. Ni orodha fupi, na ufupi wake huwasumbua wajumbe wengi, kwa sababu hakuna ndani yake kazi ya kila siku. Bodi iliyo sawasawa hukutana kwa ratiba, husoma karatasi zilizoandaliwa, huhoji, huamua, huandika muhtasari, halafu wajumbe wake hurudi mashambani kwao.

Hapo ndipo penye jambo ambalo bodi nyingi hulisahau: mamlaka ya bodi yamo ndani ya kikao. Mjumbe mmoja mmoja akishatoka nje ya kikao ni mwanachama kama wengine. Hana amri juu ya karani, hana ufunguo wa ghala, na hawezi kumtuma dereva. Mwenyekiti anazidi wenzake kwa jambo moja, kuongoza mikutano na kusema kwa niaba ya bodi yale ambayo bodi imekwisha kuyaamua. Mwenyekiti anayetoa maagizo njiani kwa njia ya simu ameigeuza bodi nzima kuwa mtu mmoja.

Posho nayo ina mchango wake. Mjumbe wa bodi halipwi mshahara. Hulipwa posho ya kikao, na pengine ya safari. Palipo na posho ya kikao, vikao huongezeka, na palipo na posho ya kusimamia upimaji, wasimamizi huongezeka mizanini. Si lazima kuwe na nia mbaya. Mkulima aliyeacha palizi yake kwa ajili ya chama anastahili kufidiwa. Lakini posho inayolipwa kwa kazi ya mtumishi humfanya kiongozi kuwa mtumishi wa pili wa kazi ileile, asiye na mkataba wala msimamizi, na asiyeweza kukaguliwa, kwa kuwa yeye ndiye mkaguzi.

Meneja anaanzia pale bodi inapoishia. Uamuzi wa bodi ni sentensi moja katika muhtasari. Meneja huugeuza kuwa kalenda, watu na fedha. Katika chama cha korosho, kwa mfano, mzigo huanza kuingia kwa wingi kuanzia Oktoba, na kazi ya meneja inapaswa kuwa imeanza miezi kadhaa kabla: mizani kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, magunia kuagizwa na kuhesabiwa, ghala la chama kufagiwa na kuwekewa mbao za kupangia mzigo, makarani kupatikana na kufundishwa, vitabu vya stakabadhi kusainiwa kwa namba, na akaunti za benki za wakulima kuhakikiwa ili malipo yasiende kwa mtu mwingine. Msimu ukiwa umepamba moto, kazi yake kuu ni kulinganisha hesabu kila jioni: kilo zilizoandikwa na karani, magunia yaliyomo ghalani, na mzigo uliokwisha kupelekwa ghala kuu. Msimu ukiisha, hubaki na makato, malipo na vitabu vya kumpelekea mkaguzi, ambaye mara nyingi ni wa COASCO, shirika la umma linalokagua vyama vya ushirika.

Meneja ana kazi nyingine isiyoandikwa kwa uwazi unaotosha, nayo ni kuieleza bodi isichopenda kukisikia. Ndiye anayejua kwamba makisio hayatoshi, kwamba mkopo wa pembejeo utauzidi ukomo wa madeni, au kwamba mnunuzi fulani wa pembeni anayesifiwa na mjumbe mmoja hana vibali. Akinyamaza ili apate amani, bodi huamua gizani. Akisema, na bodi ikaamua vingine kwa mujibu wa sheria, anapaswa kutekeleza bila kinyongo, ushauri wake ukiwa umeandikwa katika muhtasari. Ikiwa uamuzi unavunja sheria au masharti ya chama, hapaswi kuutekeleza, na afisa ushirika wa wilaya yupo kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kwa bahati mbaya, mazingira ya kijijini hayamsaidii. Meneja wa siku hizi aghalabu ni kijana aliyesoma ushirika au uhasibu, pengine katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na mwenyekiti ni mtu wa umri wa baba yake. Asubuhi huanza kwa shikamoo, na adabu hiyo ni njema. Hata hivyo, mtu aliyetoka kumwamkia mzee hupata shida kumwambia dakika tano baadaye kwamba hundi hii haisainiwi kwa sababu haina viambatisho. Jibu linalomngoja linajulikana: kijana, wewe ni mwajiriwa tu. Bodi yenye busara humtengenezea meneja mahali ambapo kukataa si utovu wa adabu. Ikiwa utaratibu wa malipo umepitishwa na mkutano mkuu na kubandikwa ukutani, kijana hamkatalii mzee. Anamsomea walichokubaliana wote.

Ngazi ya tatu ndiyo inayopewa maneno machache zaidi katika masharti ya vyama, ingawa ndiyo inayobeba chama. Ukweli wote wa AMCOS huzaliwa mahali pamoja, pale karani anapotazama mzani na kuandika kilo kwenye stakabadhi ya mkulima. Kutokana na namba hiyo hutoka kila kitu kingine: idadi ya magunia, mzigo unaosafirishwa, stakabadhi ya ghala, orodha ya mauzo inayopelekwa mnadani, malipo ya benki, ushuru wa halmashauri, makato ya chama kikuu na ya chama cha msingi, hata malipo ya majaliwa kama yapo. Namba ikipinda hapo, bodi itakaa vikao kumi juu ya hesabu isiyo ya kweli, na mkaguzi atakagua karatasi zinazokubaliana zenyewe kwa zenyewe lakini hazikubaliani na shamba la mtu yeyote.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Chukua chama kilichokusanya tani 400 za korosho katika magunia ya kilo 80. Hayo ni magunia 5,000. Karani akiwa anapunguza nusu kilo tu katika kila gunia, ama kwa kuambiwa afidie unyaufu, ama kwa uzembe, ama kwa mzani mbovu, wakulima wamepoteza kilo 2,500. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni shilingi 7,500,000. Hakuna mwanachama hata mmoja atakayeiona hasara hiyo akiwa peke yake, kwa kuwa mwenye magunia matatu amepoteza kilo moja na nusu. Wizi wa namna hii hauhitaji kuvunja mlango, na chanzo chake huwa mara chache karani mwenyewe. Mtu wa chini hupunguza kilo kwa sababu yupo mtu wa juu aliyemwambia kwamba upungufu wowote ghala kuu utakatwa kwenye mshahara wake.

Suala la unyaufu linastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake ngazi zote tatu hukutana. Korosho iliyopimwa kabla haijakauka sawasawa hupungua uzito ikikaa ghalani. Huo ni mwenendo wa kawaida wa zao, hauna mkosaji. Lakini upungufu unaoonekana ghala kuu unaweza pia kutokana na mizani miwili isiyolingana, na wizi wa njiani, na magunia yaliyopasuka, au na kilo hewa zilizoandikwa kwa jina la mtu ambaye hakuleta mzigo. Kwa macho, sababu zote hizo zinafanana: tani zilizoondoka si tani zilizofika. Kinachozitenganisha ni kumbukumbu. Karani akipima kiwango cha ukavu na kuandika anachokiona, meneja akilinganisha kila jioni, na gari likaondoka na hati yenye idadi ya magunia pamoja na uzito wake, upungufu hujieleza wenyewe umetokea wapi. Bodi kwa upande wake huamua mapema, kabla ya msimu, kiasi gani cha unyaufu chama kitakubali na fedha za kuufidia zitatoka fungu gani la makisio. Uamuzi huo ni wa uongozi kabisa, kwa sababu unagawanya hasara kati ya wenye mali. Bodi ikiukwepa, hasara itagawanywa na mtu mwingine, kimyakimya, mizanini.

Umuhimu wa mzani si jambo jipya. Vuguvugu la ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa lilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walipoanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya wanunuzi, wakiwa wamechoshwa na mizani ya wafanyabiashara. Kutokana na juhudi za namna hiyo kilikuja kuundwa chama cha wakulima, na mwaka 1955 muungano wa vyama vikuu vya pamba, Victoria Federation of Co-operative Unions, meneja mkuu wake akiwa Paul Bomani. Kwa maneno mengine, kabla ya kuwa na mwenyekiti na meneja mkuu, ushirika wa pamba ulikuwa na karani. Ni ajabu kwamba leo nafasi hiyohiyo hujazwa wiki moja kabla ya msimu, kwa mkataba wa mdomo, na kwa ujira unaokaribia wa kibarua.

Kilimanjaro ilitoa somo la upande mwingine. KNCU, chama kikuu kilichoundwa mwaka 1933 badala ya chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925, ilikuwa na menejimenti yenye uwezo, meneja wake akiwa Mwingereza, na iliuza kahawa kwa utaratibu. Lakini amri ya kuwalazimisha wakulima wa Kichagga kuuza kahawa yao yote kupitia chama ilitoka kwa watawala, na wakulima walioshuhudia malipo yakishuka hawakuwa na njia ya kuhoji. Mwaka 1937 zikazuka ghasia, na baadhi ya majengo ya vyama vya msingi yakashambuliwa. Usimamizi mzuri hauwezi kuziba pengo la uongozi usiotokana na wenye mali.

Baada ya Uhuru vyama viliongezeka kwa kasi kuliko watu wa kuviendesha. Tume maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuta wanachama wasio na taarifa, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, upungufu wa demokrasia katika vyama vikuu, na mkono wa siasa ndani ya shughuli za vyama. Dawa iliyofuata ilikuwa kali. Mwaka 1968 iliundwa tume ya kusimamia utumishi wa ushirika nchi nzima. Nia ilikuwa kumkinga mtumishi dhidi ya upendeleo wa bodi, na nia hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mtumishi ambaye ajira yake iko mikononi mwa tume ya mbali humtazama mwajiri huyo wa mbali. Bodi ikabaki na lawama bila rungu. Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa kabisa na kazi zao kupewa mamlaka za mazao na vijiji, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Sheria zilizofuata, za 1991, 2003 na 2013, zimerudisha madaraka ya kuajiri na kusimamia kwa wanachama na bodi zao, huku Mrajis na Tume ya Maendeleo ya Ushirika wakiwa wasimamizi wa nje. Bodi za sasa, kwa hiyo, zina kitu ambacho bodi za miaka ya 1970 zilinyang'anywa. Zikishindwa kuheshimu mipaka yake, historia inaonyesha aina ya tiba inayoweza kufuata.

Kuhusu nidhamu ya watumishi, yapo mazoea mawili yasiyofaa. La kwanza ni la bodi inayomfukuza karani palepale mizanini, mbele ya foleni. Hatua dhidi ya mtumishi ni kazi ya meneja, kwa utaratibu; bodi huingia pale tu anayehusika ni meneja mwenyewe au rufaa ikikatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai sababu ya haki na utaratibu wa haki kabla ya mtu kuachishwa, na mtumishi aliyeonewa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii mwenye ajira isiyotimiza miezi sita, na karani wa msimu kwa kawaida yumo katika kundi hilo. Mtu anayeandika namba muhimu kuliko zote chamani ndiye aliye rahisi kuliko wote kuondolewa. Mwanya huo hauzibwi na Bunge peke yake. Bodi inaweza kuuziba kwa azimio la mstari mmoja, kwamba karani wa mizani haondolewi katikati ya msimu ila kwa maandishi ya meneja yenye sababu, na nakala kwa afisa ushirika.

Zoea la pili ni la kudhani kwamba mtumishi mwenye nidhamu ni mtumishi asiyesema. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa anaowaongoza, na wafanyakazi wa viwandani waliyachukua maneno hayo kwa uzito ambao pengine waandishi wake hawakuutarajia. Miaka miwili iliyofuata ilijaa migomo na mabishano na mameneja. Ushirika hauhitaji kurudia misukosuko hiyo ili upate funzo lake. Mlinzi aliyeona gari likipakiwa saa nane za usiku anajua jambo ambalo bodi haitalipata katika taarifa yoyote. Lazima awepo mtu wa kumwambia, tena asiwe mtu yuleyule aliyetuma gari.

Hoja hutolewa kwamba chama kidogo, chenye wanachama mia moja na mzigo wa tani chache, hakina uwezo wa kumlipa meneja wala mhasibu, na kwamba katibu aliyechaguliwa miongoni mwa wakulima hufanya yote. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu fedha. Kuhusu madaraka, si kweli. Mtu mmoja anaweza kubeba kazi nyingi, ila zipo jozi ambazo hazipaswi kukutana mikononi mwa mtu mmoja hata chama kiwe kidogo kiasi gani: anayepima asiwe anayelipa, anayetunza ghala asiwe anayeandika kitabu cha ghala peke yake, na anayeidhinisha matumizi asiwe anayekaa na fedha. Kwa jozi hizo chama kinahitaji watu watatu waaminifu, na chama kisicho na watu watatu waaminifu hakijawa chama. Vyama jirani vinaweza pia kuajiri meneja au mhasibu mmoja kwa kuchangia, au kuungana kabisa.

Teknolojia inayoingia sasa imeleta matumaini, na baadhi yake ni ya haki. Mizani ya kidijitali inachukua nafasi ya mizani ya rula na ya saa. Kumbukumbu za vyama zinaingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa MUVU. Mkulima wa korosho, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika Mtwara katika msimu wa 2007/08, amezoea kulipwa kwa mzigo ulioandikwa. Mashine hupunguza uzembe na huacha alama. Haiamui, hata hivyo, nani amepewa nywila ya kubadili kumbukumbu. Ikiwa mwenyekiti anayo, meneja anayo na karani anayo, basi mkanganyiko wa zamani umehamia tu kwenye kompyuta, ambako wanachama wachache wanaweza kuuona.

Bodi za vyama vya msingi zinaombwa, kabla ya mizani kufunguliwa msimu ujao, zikae kikao kimoja kwa ajili ya jambo hili pekee. Kikao hicho kiandike, kwa lugha ambayo mwanachama yeyote ataielewa, maamuzi ambayo ni ya mkutano mkuu, yaliyo ya bodi, aliyoachiwa meneja, na yale ambayo karani anaruhusiwa kuyakataa hata akiamriwa na mwenyekiti. Kiwango cha unyaufu na fungu la kuufidia viwemo. Majina ya wenye nywila yawemo. Azimio la kumlinda karani wa mizani liwemo. Karatasi hiyo isomwe mbele ya mkutano mkuu, ipigiwe kura, nakala ipelekwe kwa afisa ushirika wa wilaya, na nyingine ibandikwe ukutani karibu na mzani, mahali ambapo anayesubiri kupimiwa anaweza kuisoma.